Mchoraji Aliyeahidi Maua

S.L.P. yetu ileile,
Ghorofani, juu ya duka la fundi saa,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili, ingawa wa kushoto una plasta: cherehani imenidunga tena. Usicheke. Hujambo lakini? Goti la shemeji linaendeleaje, bado linatabiri mvua kuliko redio? Na mapacha je, wameacha kukohoa kwa zamu? Sisi huku hatujambo. Wifi yako ni mzima, ila sauti imemkauka kwa kucheka, na kicheko hicho ndicho kilichonikalisha mezani leo badala ya kumalizia mapazia ya ofisi ya wakili.

Barua yako niliipata. Uliuliza jambo moja tu, tena ukalipigia mstari: je, Dada Mkubwa na bintiye wameshazungumza, au Chiriku atakuja kwako kama mtoto asiye na mama? Ungeniuliza wiki iliyopita, ningekujibu kwa neno moja na stempu ingekuwa imepotea bure. Leo sijui hata nianzie wapi. Kaa kwanza. Kama una kikombe mkononi, kiweke chini.

Unakumbuka hali ilivyokuwa. Tangu mpwa wetu alipoacha chuo cha muziki, akafungia fidla yake kabatini na kuanza kuchora katuni za gazeti, Dada hakumgombeza hata siku moja. Hilo ndilo lililonitia hofu. Dada tunamjua: muuguzi mkuu mstaafu, kiongozi wa okestra yetu, mwanamke anayemgombeza kila ampendaye. Mimi ananigombeza tangu nilipotambaa, na sijaona dalili ya kuchoka. Lakini Chiriku akija nyumbani, Dada anamwambia, "Karibu. Keti hapo. Utakunywa chai?" Utadhani kaja mtu wa kusoma mita ya umeme. Mdogo wangu, ukiona mtu ameanza kukutendea adabu nyumbani kwenu, ujue umeshafukuzwa.

Kilichomuuma hakikuwa chuo. Ilikuwa ile katuni ya kwanza kabisa gazetini: okestra nzima imesinzia, vichwa vimelala juu ya ala, na kiongozi wao peke yake anapunga kijiti huku na huku, nzi wanamzunguka. Mji ulicheka. Kinyozi aliibandika ukutani kwake. Dada aliikunja karatasi ile mara nyingi mpaka ikawa kama kipande cha sabuni, akaitupa, na tangu hapo ikawa ni "karibu, keti hapo".

Basi mwezi uliopita Chiriku alinijia karakanani. Alikaa juu ya majora ya vitambaa kama alivyokuwa akikaa utotoni, akaniambia, "Mjomba, ile kampuni ya filamu za katuni imenichukua. Mwisho wa mwezi ujao naondoka, nitakaa kwa Mama Mdogo. Kabla sijaenda nataka Mama anione nikifanya kazi yangu. Mara moja tu. Akinichukia baada ya hapo, na achukie kitu anachokijua."

Nikamwambia, "Mama yako hakuchukii."

Akasema, "Jana aliniuliza kama natia sukari."

Mama mzazi, kumuuliza mwanawe kama anatia sukari! Mkasi ulikuwa mkononi na nikakata pazia la mtu kombo.

Sasa, bahati au balaa, kamati ya okestra ilikuwa imeshaamua jambo. Watazamaji wametupungukia. Onyesho la mwisho, sisi tulio jukwaani tulikuwa wengi kuliko waliokaa vitini, na miongoni mwa waliokaa vitini alikuwemo mlinzi wa ukumbi, ambaye hakuwa na la kufanya. Kwa hiyo tukakubaliana tuyape macho ya watu kazi: tutafute mchoraji achore wakati sisi tunapiga, na picha zake zirushwe kwenye kitambaa kikubwa cheupe. Dada alikubali kwa shingo upande, tena kwa sharti. "Maua, mito na ndege," alisema. "Basi."

Katibu wa kamati ni mimi. Nikapewa kazi ya kumtafuta mchoraji. Nikamwambia Dada nimepata kijana hodari. Hakuuliza kijana wa nani, na wewe unanijua, mimi si mtu wa kujibu swali ambalo halijaulizwa. Chiriku naye aliniapia, mkono kifuani: maua, mito na ndege.

Kitambaa nilikishona mwenyewe, nikakitundika mahali pekee penye kulabu, yaani ukutani, nyuma yetu sisi wapigaji. Hapo nilifanya kosa ambalo angeweza kulifanya mtu wa okestra tu. Dada ametufundisha kwamba mpigaji hageuki nyuma. Paa na lianguke, mtoto na alie, wewe macho yako ni kwenye karatasi ya noti za muziki na kwenye kijiti cha kiongozi. Kwa maana hiyo ukumbi mzima ungeziona picha isipokuwa sisi. Na pale jukwaani palikuwa na mtu mmoja tu ambaye angeziona zote, uso kwa uso, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho: yeye anayesimama akitutazama sisi. Haya yote sikuyafikiria. Nilikuwa nafikiria pindo.

Siku yenyewe ilikuwa jana, saa kumi alasiri. Ukumbi ulijaa hadi nikaogopa. Watu walikuja na watoto, shule zilileta madarasa mazima, na wifi yako alipata kiti kwa kumtazama kijana mmoja kwa jicho baya mpaka akasimama. Chiriku nilikuwa nimemwingiza kwa mlango wa nyuma, nikamficha katika chumba cha mitambo, kile kilicho juu nyuma ya watazamaji, chenye kijidirisha. Meza, kalamu zake nene, kamera juu ya meza. Na kitabu cha noti cha okestra nzima, maana alikitaka. Nilishangaa kidogo. Mtu anahitaji noti ili achore maua?

Dada akapanda jukwaani na gauni lake jeusi na miwani yenye kamba. Akainamia watu. Akainua kijiti. Tukaanza.

Mwanzo ulikuwa mtulivu. Wifi yako anasema wakati ule yalikuwa maua kweli, na mto, tena mzuri. Kisha akaja ndege. Ndege huyo aliruka juu ya mto, akatafuta pa kutua, akatua juu ya kipara cha mpiga ngoma wetu, naye amechorwa. Mtoto mmoja wa mbele akacheka. Chiriku ananiambia, "Mjomba, nilikisikia kile kicheko, na mkono ukanitoroka."

Mimi huku nasikia kicheko kimoja, kisha vitano, kisha ukumbi.

Jiweke mahali pangu, nakuomba. Mimi napiga besi, fidla ile iliyo kubwa kuliko mwenyewe. Nasimama ukingoni mwa jukwaa, nimewapa watu ubavu na sehemu kubwa ya mgongo. Suruali ya jana nilijishonea mwenyewe, na mshono wa nyuma niliumalizia asubuhi ileile, mbiombio, huku nanywa chai. Nilipowasikia watu wanacheka, sikuwa na shaka hata chembe: umeachia. Nikabana miguu. Wakacheka zaidi. Nikajivuta taratibu nijifiche nyuma ya besi, na kicheko kikapanda kama maziwa kwenye sufuria. Jasho lilinitoka mpaka nikaona noti mbilimbili. Kumbe si mimi peke yangu. Mwalimu wa hesabu, anayepiga chelo, alikuwa anajipapasa zipu kwa kiwiko. Mwuza nyama alishusha tarumbeta akajifuta pua, akaitazama leso, akajifuta tena. Kila mmoja alikuwa ameshajifungulia kesi na kujitia hatiani. Lakini hakuna aliyegeuka nyuma. Hata mmoja! Tumefunzwa tukafunzika.

Ndipo nilipomtazama Dada.

Macho yake hayakuwa kwetu. Yalikuwa juu ya vichwa vyetu, yamekazwa, yamekuwa makubwa nyuma ya miwani. Kijiti kilikuwa bado kinapima, lakini kimepungua, kama mkono wa mtu anayekoroga chai aliyokwisha kuisahau. Midomo yake ilicheza bila sauti, nikaisoma. Alikuwa anataja jina la mwanawe. Hakuhitaji kuambiwa nani anachora. Mkono aliouongoza kushika penseli ya kwanza angeshindwaje kuutambua?

Nilitamani jukwaa lifunguke linimeze pamoja na besi, ingawa lingehitaji kufunguka sana.

Wifi yako ndiye aliyenisimulia kilichokuwa kitambaani. Fidla zilikuwa misumeno, na wenye nazo wanakata ubao mmoja mrefu, unga wa mbao umewafika magotini. Tarumbeta zilikuwa zinameza na kutema kofia ya mlinzi. Karatasi za noti zikifunuliwa zinaondoka na upepo, na wapigaji wanazikimbilia huku wanaendelea kupiga. Na kila kitu, anasema, kiliruka pale hasa muziki uliporuka na kuanguka pale ulipoanguka, hata watoto wa shule wakawa wanajua sauti gani inatoka kwa nani. Dada naye alikuwemo: mwanamke mwenye pua ndefu na miwani ya kamba, na kijiti chake ni kijiko, anawalisha watoto sitini wasiotaka kufungua mdomo.

Sasa tukafika mahali filimbi zinapoingia. Mpiga filimbi wetu mkuu ni daktari wa meno. Filimbi haziingii hivihivi. Dada huwaita kwa kuinua kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na bila kidole hicho daktari yule hathubutu kupumua. Jana kidole hakikuinuka. Mwenye kidole alikuwa anatazama picha. Daktari akangoja, filimbi mdomoni, macho yamemtoka. Maskini, mtu aliyezoea wenzake wakae midomo wazi wakimngoja yeye! Na kule nyuma yetu filimbi za kitambaani zikaingia, mashavu yamevimba, wanapuliza kwa nguvu zao zote, na haitoki sauti yoyote. Ukumbi ukadhani ni mzaha uliopangwa. Watu walipiga magoti yao na ya jirani.

Dada akashusha kijiti. Akasimamisha okestra.

Naona hujashtuka vya kutosha, kwa hiyo narudia. Dada Mkubwa alisimamisha okestra katikati ya kipande, mbele ya watu. Umeme umewahi kukatika, tukamaliza gizani. Mpiga ngoma wa zamani aliwahi kuzimia, tukampita. Jana alisimamisha. Kicheko kikakatika kama uzi. Akageuka, akawatazama watazamaji, akainua uso kule juu kwenye kijidirisha.

"Wewe unayechora," akasema. "Filimbi zako zimeingia wapi?"

Nilisikia waya wa besi yangu ukilia peke yake.

Kisha sauti ikatoka kijidirishani, nyembamba lakini haitetemeki. "Zimeingia penyewe, Mama. Ni za kwenu ambazo hazijaingia."

*Mama!* Ukumbi ulivuta pumzi kwa pamoja. Wifi yako alimshika mkono mtu asiyemjua, akamfinya, na anasema hadi wanaagana hakuwa amemwachia.

Dada akageukia kitabu chake cha noti. Akarudisha ukurasa. Akashuka na kidole mstari kwa mstari. Akamtazama daktari wa meno, na daktari, kwa sauti ya mgonjwa wake mwenyewe, akasema, "Nilikuwa nangoja kidole, Kiongozi."

Nikajua limekwisha. Sasa anaweka kijiti chini na kuondoka, na okestra yetu inakufa leo, na muuaji ni mimi na pindo langu. Kitindamimba, wewe ulikuwa shule ya bweni, hukuuona mwanzo wake. Alipokuwa anaanza, akisimama kwenye ule ukumbi wa hospitali na wapigaji sita, watu walikuwa wanachungulia mlangoni wakimwuliza kama anafukuza nzi au anaita teksi. Hakuwahi kuwajibu. Ila kicheko kwake si kicheko, ni kokoto. Na jana kokoto zilikuwa zimejaa ukumbi mzima nyuma ya mgongo wake.

Akawageukia watu tena. "Kosa ni langu," akasema. "Nilikuwa natazama picha."

Wallahi nilishika besi nisianguke. Miaka hamsini nimeishi na dada huyu, sijawahi kusikia maneno matatu hayo yakitoka mdomoni mwake kwa mpangilio huo. Watu wakacheka, wakapiga makofi, na yeye akasimama palepale akakipokea kicheko chote, hakuinamisha kichwa. Kisha akainua mkono wakanyamaza.

"Tunarudi mwanzo wa ukurasa. Na wewe huko juu, pua yangu si ndefu namna hiyo."

"Ni ndefu, Mama."

"Itazame vizuri."

"Nimeitazama tangu nizaliwe."

"Chora!" akasema Dada, na akainua kijiti, na kidole kidogo kilipofika wakati wake kiliinuka juu hadi nikadhani kitachomoka. Filimbi za kwetu na za kitambaani ziliingia pamoja, na mimi, Mungu anisamehe, niligeuka nyuma. Nikajiona. Mzee mmoja mnene anahangaika kulipandisha kabati ngazini, na suruali yake, mdogo wangu, imeachia mshono wa nyuma kutoka kiunoni mpaka panaposikitisha. Nikajipapasa haraka. Ya kwangu ilikuwa nzima. Sijawahi kufurahi vile kwa kazi ya mikono yangu.

Baada ya onyesho nilidhani watakumbatiana, kama watu wengine. Thubutu. Tulikuwa stoo, tunarudisha ala kwenye makasha yake, Chiriku akaingia na wino hadi puani, na Dada akamwanza hapohapo.

"Uliahidi maua!"

"Nani alikudanganya kwamba najua kuchora maua? Yale yalikuwa kama kabichi."

"Ulitucheka gazetini, mji mzima ukatucheka."

"Niliwachora. Waliowacheka ni wengine, na walianza zamani kabla sijachora katuni hata moja. Mimi nilikuwepo, Mama, pale hospitali. Nilikuwa nimekubebea stendi ya noti. Waliposema unafukuza nzi, niliwasikia kabla yako, maana nilikuwa karibu na mlango."

Dada alikuwa anafunga kasha la fidla, na ile ndoano ndogo ikamshinda, akaifunga, ikafunguka, akaifunga tena. "Sikujua ulisikia," akasema.

"Ndiyo maana gazetini nilikuchora wewe peke yako uko macho. Wengine wote wamelala. Hukuona?"

Nakuapia hata mimi sikuwa nimeona. Katuni ile nimeiona kwa kinyozi kila ninaponyolewa, na nilichokiona mimi siku zote ni nzi. Mwuza nyama alitoka nje akijifanya anatafuta funguo. Mimi nilibaki, kwa sababu besi haitoki haraka.

Dada akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa. Kisha akaanza upya, kwa sauti kubwa kuliko mwanzo: mbona amekonda, mbona viatu vile, na kwa nini hajui kunawa wino. Chiriku akamjibu moja baada ya jingine. Wakatoka wakigombana, wakapanda teksi wakigombana, na leo nilipopita kwao asubuhi walikuwa bado. Nilisimama mlangoni nikasikiliza. Dada alikuwa anasema, "Sukari hiyo yote ya nini? Unataka meno yakuoze?" Nikarudi kwangu bila kubisha hodi. Macho yalikuwa yananiwasha. Labda ni vumbi la ngazi.

Sasa jibu la swali lako, na hapa ndipo ninapokuomba unielewe vizuri. Basi la Chiriku linaondoka Ijumaa ya mwisho wa mwezi, litakuwa kwenu Jumamosi asubuhi. Ulisema umemwandalia kile chumba kidogo chenye kitanda kimoja. Hakitatosha. Jana pale stoo Dada alimwuliza nani anamsindikiza, akasema hakuna, na Dada akasema, "Nani kasema hakuna?" Tiketi ya pili imeshakatwa. Anataka kukiona hicho kiwanda cha katuni kwa macho yake, awaone mabosi wake, na awaulize wanawalisha nini watoto wa watu. Atakaa wiki mbili. Usinilaumu.

Nisalimie sana shemeji, na umwambie goti alipumzishe mapema, maana Dada atataka kulichunguza. Wabusu mapacha wangu wote wawili, uanze na yule mkorofi. Mpe salamu na yule jirani yako mshona viatu, kama bado ananikumbuka. Wifi yako anasalimu kwa ishara, sauti bado haijarudi. Mungu ailinde nyumba yako, aitie baraka, na aizibe masikio kidogo kwa wiki mbili hizo.

Jambo moja limebaki. Dada ameniapisha nisikwambie kwamba anakuja, anataka akushtukize. Nami nimeapa. Kwa hiyo Jumamosi ile ukifungua mlango ukamwona amesimama na masanduku, huku yeye na Chiriku wanabishana nani alipoteza tiketi, tafadhali, kama unanipenda, shtuka. Shtuka vizuri.

Ndimi kaka yako akupendaye, aliyekwisha kushtuka kwa niaba ya ukoo mzima,

Mzee wa Besi